Neno la Aliyekula

Msimu wa viazi vikuu ulipofika, Jumamosi zote za Kelera zilikuwa za shamba. Baba yake, Inoke, alitangulia na mti wake wa kuchimbia, ule uliochongwa ncha na kung'aa kwa kushikwa. Bibi Taraivini alifuata na vikapu vya makuti. Kelera, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuja mwisho akiburuta miguu, maana wenzake walikuwa uwanjani wakicheza netiboli na yeye ndiye aliyekuwa mfungaji wao.

Kazi yenyewe haikutaka papara. Kiazi kikuu ukikichimba ovyo unakikata, na kilichokatwa huoza kabla ya wakati. Baba aliuzungusha mti taratibu kando ya tuta, Bibi akaingiza mkono, akakitoa kiazi polepole na kukifuta udongo kwa kiganja. Kelera akabeba, akarudi, akabeba tena.

Mwaka huo walikuwa wamejaliwa. Kimbunga cha Januari kilikuwa kimeleta mvua isiyokoma, mto wa kijiji chao, Naivutu, ukafurika na kuyabeba mashamba ya bondeni, matuta na vyote vilivyokuwamo. Shamba lao lilikuwa mlimani, likapona. Kila jioni Baba alimshukuru Mungu kwa hilo kabla ya kula, tena kwa sala ndefu mpaka mchuzi ukapoa, na hakuna aliyethubutu kumkatiza.

Walipofika mstari wa mwisho, ule uliokuwa kando ya njia, Baba hakuuchimba. Aliuchomeka mti wa kuchimbia ardhini, akajifuta jasho, akainua vikapu viwili.

"Baba, mbona bado mstari mmoja?" Kelera aliuliza.

"Tumemaliza."

"Hatujamaliza! Huu hapa, tena ndio wenye matuta manono."

"Kelera, nimesema tumemaliza. Beba kikapu chako twende." Baba akaondoka bila kugeuka nyuma.

Kelera alimtazama Bibi. Bibi alikuwa ameketi juu ya jiwe akinywa maji ya dafu, akicheka kimyakimya.

"Na mti wake wa kuchimbia amesahau?"

"Hajasahau," Bibi alisema. "Hilo alilofanya lina jina lake. Wazee wetu waliliita *ruveka*. Siku hizi hulisikii. Redioni halipo, na shuleni mnasema Kibau, lugha ya visiwa vyote, na Kiingereza. Hata ng'ambo ya mlima huu hawalijui. Ni neno la hapa Naivutu tu, na waliobaki nalo tunahesabika."

Kelera alisimama wima. Wiki hiyo mwalimu wao, Mwalimu Vilimaina, alikuwa amewaagiza watafute maneno ya zamani kwa mabibi na mababu zao. Kila mwanafunzi angesimama mbele ya wazazi, aseme neno lake, maana yake, na alitumie katika sentensi. Atakayeshinda angekwenda Suva, mji mkuu, kuiwakilisha shule. Kelera alikuwa hajawahi kufika Suva, na hakuwa na neno.

"Bibi, maana yake nini? Niambie!"

"Ni kumwachia mstari mzima mtu ambaye mwaka huo hakujaliwa, na kumwachia na mti wa kuchimbia. Mwenye shamba akishaondoka hageuki kutazama ni nani anayekuja. Na neno lenyewe, mjukuu wangu, lina mwenyewe. Si kila mdomo..."

Filimbi ikalia kule uwanjani. Kelera alikuwa ameshakinyanyua kikapu chake.

"Nimeelewa, Bibi! Asante!"

"Hujaelewa, maana sijamaliza."

"Utamalizia jioni!"

Jioni Kelera alirudi na goti lililochubuka na ushindi wa mabao mengi, akala, akalala. Hakukumbuka kuuliza. Bibi naye hakuwa mtu wa kumkimbiza mtu na maneno.

Jumatatu alfajiri Kelera alipanda mlimani kuokota kuni. Alipokaribia shamba lao alisikia udongo ukichimbwa. Akajibanza nyuma ya mshelisheli, akachungulia. Aliyekuwa akichimba ni Babu Apakuki, mzee jirani yao, ambaye shamba lake la bondeni lilikuwa limekwenda na maji. Aliyekuwa akipokea viazi ni Losana, mjukuu wake, rafiki wa Kelera wa kufa na kuzikana. Wazazi wa Losana walifanya kazi kisiwa kikubwa, naye aliishi na babu yake. Walifanya kazi bila kusema neno. Kila shimo lililochimbwa, mzee alilifukia na kulisawazisha kwa mguu.

Moyo wa Kelera ulijaa furaha. Baba yake alikuwa mtu mwema kiasi hiki, na hakuna aliyejua! Alirudi nyumbani na kuni chache, Bibi akamuuliza kama mlima umekwisha miti.

Ijumaa ikafika. Wazazi walikaa juu ya mikeka chini ya paa la ukumbi wa shule, wazee mbele, akina mama nyuma na feni zao za ukindu. Babu Apakuki alikuwa mstari wa mbele, amejifunga sulu, shuka yake ya kanisani. Sakiusa, mvulana asiyekaukiwa maneno, alileta neno la zamani la maji yanayobaki mwambani bahari ikipwa, akawachekesha watu. Kisha akaitwa Kelera.

"Neno langu ni *ruveka*," alisema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.

Wazee wakainua vichwa. Mzee mmoja alitabasamu kama aliyekutana na mtu waliyepotezana naye miaka mingi. Kelera aliliona tabasamu lile, akapata nguvu.

"Maana yake ni kumwachia mstari wa viazi vikuu mtu asiye na chakula, ili aje achimbe mwenyewe. Sasa nalitumia katika sentensi." Akavuta pumzi. "Mwaka huu baba yangu amemfanyia ruveka Babu Apakuki na Losana, kwa sababu shamba lao lilichukuliwa na mto."

Mwalimu Vilimaina alipiga makofi. Alikuwa mgeni, mzaliwa wa Suva, na kwake ile ilikuwa sentensi safi kabisa. Watoto nao wakapiga. Lakini kwenye mikeka feni za akina mama zilisimama. Bibi Taraivini aliinamisha kichwa, na Baba akawa anatazama mikono yake. Babu Apakuki aliinuka polepole, akapita mbele ya wenzake ameinama kama adabu inavyotaka, akatoka. Losana akamfuata. Kelera akavishwa utepe wa mshindi, na hakuelewa kwa nini hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekuja kumpa mkono.

Alielewa jioni hiyohiyo, jua likiwa bado halijazama. Babu Apakuki alikuja na kikapu, akakiweka mlangoni. Ndani mlikuwa na viazi vikuu vyote vilivyobaki, hata kimoja kilichokatwa nusu.

Ieleweke kwamba Babu Apakuki na Bibi Taraivini walikuwa watani. Walizaliwa watoto wa shangazi na mjomba, na kwa Naivutu hao wana ruhusa ya kutukanana mpaka kaburini. Haikupita siku bila mzee kumwambia Bibi kwamba mchuzi wake unanuka mpaka kwake, na Bibi kumjibu kwamba pua ndefu kama ile isingekosa kunusa. Jioni ile mzee hakutania.

"Taraivini, hivi ni vyenu," alisema tu, akaondoka.

Jumatatu shuleni Sakiusa alimngoja Losana mlangoni. "Mwenzetu, leo umeshiba? Au mpaka akina Kelera wakuachie mstari?"

"Sakiusa, funga mdomo wako!" Kelera alifoka.

"Kha! Si wewe uliyetuambia? Mimi nimesoma kwako tu."

Kelera aliingia darasani. Mchana alimkuta Losana nyuma ya darasa, ameketi na papai bichi lililochemshwa, bila kitu kingine.

"Losana, nisamehe. Sikukusudia kuwaaibisha."

"Najua hukukusudia." Losana hakumtazama. "Lakini umetuanika kama nguo kwenye kamba. Babu hatoki nje sasa. Watu wanamletea chakula, anakirudisha. Amesema hawezi kunilea kwa sadaka inayotangazwa. Alhamisi meli ikija napanda, nakwenda kukaa kwa shangazi."

"Mpaka lini?"

"Hakusema kama nitarudi."

Losana akakusanya maganda yake, akaenda zake. Kelera alibaki pale mpaka kengele ikalia. Tangu wajifunze kutembea walikuwa hawajawahi kutengana, na sasa ulimi wake ndio ulikuwa unampeleka Losana ng'ambo.

Alipofika nyumbani alimkuta Bibi akisuka mkeka. Akaketi mbele yake, akaanza kulia kabla hajasema lolote. Bibi aliendelea kusuka mpaka kilio kikapungua.

"Bibi, nimalizie ile habari."

"Ipi?"

"Ya ruveka. Uliniambia neno lina mwenyewe."

"Eeh. Leo una nafasi ya kusikiliza." Bibi akauweka mkeka kando. "Neno hilo halisemwi na aliyeacha mstari. Hata siku moja. Wala mkewe, wala mtoto wake. Ni neno la aliyekula. Yeye ndiye mwenye kulisema kwa aliyemlisha, siku atakayoitaka mwenyewe. Pengine atalisema baada ya mwaka. Pengine baada ya miaka ishirini, akishasimama kwa miguu yake. Pengine atakufa nalo. Aliyeacha mstari akilitamka yeye, amekichimba tena chakula kutoka tumboni mwa mwenzake, mbele za watu."

Kelera alijifunika uso. "Na mimi nilichungulia pia. Niliwaona alfajiri."

"Hilo nilikuwa silijui," Bibi alisema, akashusha pumzi. "Ndiyo maana wahenga husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kitapona."

"Sasa nifanye nini? Losana anaondoka Alhamisi!"

"Kuna njia, lakini haina uhakika. Tutakwenda kuomba radhi kwa mizizi ya yaqona, ile ya kinywaji cha wazee, kama watu wanavyofanya. Baba yako atasema, wewe utakaa nyuma yetu. Apakuki akiichukua mizizi, yamekwisha. Akiiacha mkekani, tutainuka na kurudi, na hatutakuwa na la kumlaumu."

Siku iliyofuata, kabla ya kengele, Kelera alimpelekea Mwalimu Vilimaina ule utepe.

"Mwalimu, neno nililitumia vibaya. Nilisema lisilo langu kulisema. Sistahili kwenda Suva."

Mwalimu alimkalisha, akamsikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukabadilika. "Na mimi nilipiga makofi," alisema. "Nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Nitakwenda mwenyewe kwa mzee kumwomba radhi." Akaupokea utepe. Safari ya Suva ikawa ya Sakiusa na maji yake ya mwambani, na kijiji kizima kilipata habari kabla ya adhuhuri, maana mwenyewe alizunguka kuitangaza. Ilimuuma Kelera. Lakini kulikuwa na jambo lililomuuma zaidi.

Jumatano alasiri walikwenda. Baba alikuwa amebeba mizizi ya yaqona iliyofungwa vizuri, Bibi amevaa nguo ya kanisani na kushika kikapu kidogo, Kelera nyuma yao. Waliinama mlangoni, wakaomba ruhusa, wakaketi. Babu Apakuki alikuwa upande wa pili wa mkeka. Losana alikaa pembeni, na kando ya mlango kulikuwa na begi lake, limeshafungwa.

Baba aliiweka mizizi katikati. "Mzee wetu," alisema, sauti yake nzito, "tumekuja na aibu yetu mikononi. Mtoto wangu amesema ambalo halikuwa lake. Lakini mtoto ni wa nyumba, na kosa lake ni la nyumba. Tumekukosea mbele za watu. Tunaomba radhi."

Macho ya mzee yalikuwa kwenye mizizi, na mikono yake ilikuwa mapajani. Nje jogoo aliwika, akawika tena. Kelera alihisi machozi yakimjaa. Aliona vidole vya Baba vikikaza, vikilegea. Mkono wa mzee haukuja.

Baba alianza kuinuka. Bibi akamshika bega, akamrudisha chini.

"Apakuki," alisema, "mimi sijamaliza. Nina jambo ambalo ningelisema zamani, ila nilikuwa na kiburi. Unakumbuka mwaka aliofariki mume wangu?"

Mzee aliinua macho.

"Kimbunga kilikuwa kimenilaza chini. Sikuwa na shamba wala mume, na Inoke huyu alikuwa mgongoni, anaharisha kwa kula matunda mabichi. Nilikuwa nimeshakata shauri kumpeleka kwa ndugu, wamlee wao. Asubuhi moja nikapita kando ya shamba lako. Mstari wa mwisho ulikuwa haujachimbwa, na mti wa kuchimbia umesimama pale." Bibi aligusa mkeka kwa kiganja. "Nilichimba. Tulikula tukaishi. Sikukuambia mwaka ule, wala mwaka uliofuata, nikazeeka nalo. Leo, mbele ya mwanangu na mjukuu wangu, nasema. Apakuki, ruveka."

Baba alikuwa amemgeukia mama yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Yeye mwenyewe alikuwa hajui.

Mzee aliinama mbele, akamtazama Bibi usoni.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Na mimi miaka yote hii nilidhani ni nguruwe wa msituni."

"Nguruwe gani anayefukia mashimo akishachimba?"

"Nilisema, huyu nguruwe ana adabu. Kwa hiyo sikukufikiria wewe kabisa."

Bibi alicheka, huku machozi yakimtiririka. Mzee naye akacheka mpaka akakohoa, na Losana, ambaye hakuwa ameinua uso tangu waingie, akaziba mdomo kwa mkono. Katikati ya kicheko hicho Kelera alifikiri jambo, na lilipomjia hakuweza kulizuia. Lakini safari hii aliinama kwanza.

"Bibi, naomba kuuliza. Baba asingekula vile viazi, mimi ningekuwepo?"

"Usingekuwepo, mama."

"Basi na mimi nimekula." Kelera akamgeukia mzee, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Babu Apakuki, nimekukosea, nisamehe. Na tena, Babu... ruveka."

Babu Apakuki alimtazama mtoto yule. Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, asione haya. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, akaivuta mizizi ya yaqona kwake, akapiga makofi yale mazito ya kupokea.

"Yamekwisha," alisema. "Losana, fungua begi hilo. Meli itakwenda na watu wengine."

Losana hakulifungua begi kwanza. Alivuka mkeka kwa magoti, akamkumbatia Kelera, wakalia wote wawili kwa shukrani, bila kujali wakubwa wanatazama.

"Kile kikapu chenu kirudisheni kesho," mzee alimwambia Bibi. "Njaa inaniuma. Lakini viazi usivipike wewe. Nataka kuendelea kuishi."

"Nitavipika mimi, na utakula, na utanyamaza."

Walipokuwa wakirudi, Bibi alimshika Kelera mkono.

"Wema una pande mbili, mjukuu wangu," alisema. "Anayetoa kazi yake ni kusahau. Tenda wema uende zako, usigeuke kutazama. Anayepokea kazi yake ni kukumbuka. Watu wakibadilishana kazi hizo, aliyetoa akawa ndiye anayekumbuka, wema wote unachacha. Wewe leo umelitamka neno kwa mdomo unaostahili. Na ukisikiliza mambo mpaka mwisho, utajiepushia machozi mengi."

"Bibi, na Babu Apakuki atakuja kumwambia Baba neno hilo siku moja?"

"Hilo si letu kulingoja," Bibi alisema.

Baba, aliyekuwa mbele yao, alisimama. Alimngoja mama yake amfikie, akampokea kikapu alichokuwa amekishika, akakibeba yeye. Alijaribu kusema kitu mara mbili, akashindwa. Mara ya tatu lilitoka, kwa sauti ndogo, na Kelera alilisikia.

"Mama," alisema, "ruveka."